Pumzi ya Mfagizi

Ndugu msomaji, najua unajiuliza mashine ya kufyonza vumbi inatafuta nini katika jarida la waandishi chipukizi. Subira kidogo. Nipe nafasi nianzie nyumbani, halafu twende mbali, halafu turudi.

Nyumbani kwa mama mdogo wangu, hapa Dar es Salaam, pembeni ya kabati la vyombo, kulikuwa na lidude limesimama miaka na miaka kama mlinzi ambaye mwenzake wa zamu hakuja kumpokea. Lina mpini mrefu wa chuma, mfuko wa kitambaa uliofifia rangi, na chini kichwa kizito cha alumini chenye magurudumu. Waya wake umezungushwa kwenye kulabu mbili za mpini. Kifuani limeandikwa Hoover. Sisi watoto tulilipachika jina la Mzungu. Mama mdogo mwenyewe aliliita "huva", basi.

Mama mdogo aliishi London miaka kumi na moja. Huko alifanya kazi ambazo watu wa hapa kwetu wanaziita kwa mkato "kubeba boksi", ingawa yeye boksi hakubeba hata moja. Alfajiri alisafisha maofisi, mchana alisafisha nyumba za watu. Bibi mmoja aliyekuwa akimfanyia kazi alinunua mashine mpya ya plastiki, akampa ile ya zamani. Mama mdogo akarudi nayo Bongo, akaitumia kwenye zulia la sebuleni, mpaka siku moja ikanguruma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Haikusema tena.

Mwaka jana nikafanya usafi wa nguvu. Nikamwambia, "Mama mdogo, hili lidude tulitupe bwana, linakula nafasi bure."

Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Baba, hilo ndilo limekusomesha. Kalitupe kama unaweza."

Sikuweza. Nikalibeba begani mpaka kwa fundi mmoja wa Kariakoo, mzee wa mota, ambaye kibanda chake kimejaa feni, mashine za kushonea na pasi zilizokata tamaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Umeniletea bunduki?"

Tukacheka. Lakini alipoligeuza chali, kicheko kikamtoka. Akapitisha kidole juu ya skrubu moja baada ya nyingine. "Aliyetengeneza hii alijua kuna siku itafunguliwa," akasema. "Ona, skrubu zote ziko wazi. Za siku hizi wanazificha, wengine wanazigundisha kabisa. Hii inasubiri fundi."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Aliyetengeneza hii ni nani? Nikaanza kusoma. Na nilichokikuta ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

VUMBI HALIONDOKI, LINAHAMA

Tuanze na ufagio. Kila aliyefagia chumba chenye zulia anajua siri yake: vumbi haliondoki, linahama. Linapanda hewani, linakaa kwenye meza, linaingia puani, jioni linarudi chini pale pale. Katika miji ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyumba zilijaa mazulia, majiko yalikula makaa ya mawe, barabara zilijaa kinyesi cha farasi. Dawa ilikuwa kulitoa zulia nje, kulitundika kwenye kamba na kulichapa kwa fimbo. Aliyelichapa ndiye aliyelivuta vumbi, na mara nyingi alikuwa mtumishi wa kike.

Mwaka 1876, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mfanyabiashara Melville Bissell alipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, kwa kifagio chake cha kusukuma. Kilikuwa kisanduku chenye magurudumu, na magurudumu yale yalizungusha brashi iliyotupa taka ndani. Kilikuwa afadhali kuliko ufagio. Lakini vumbi laini liliendelea kuruka.

Mtu wa kwanza kulikamata vumbi kwa kulivuta, kwa njia iliyofanya kazi kweli, alikuwa Mwingereza Hubert Cecil Booth, injinia wa madaraja. Mwaka 1901 alikwenda katika ukumbi wa Empire mjini London kutazama maonyesho ya mashine ya Kimarekani iliyosafisha kwa kupuliza. Akauliza: kwa nini isivute badala ya kupuliza? Akajibiwa kwamba haiwezekani. Siku chache baadaye, akiwa mgahawani katika mtaa wa Victoria, Booth aliweka leso juu ya kiti cha kitambaa, akabandika mdomo na kuvuta pumzi kwa nguvu zote. Akapaliwa nusura azimie! Lakini leso ilipotolewa ilikuwa na duara jeusi la uchafu. Jibu likapatikana kwa mapafu yake mwenyewe.

Mashine aliyoijenga haikuingia ndani ya nyumba hata kidogo. Ilikuwa gari jekundu la kukokotwa na farasi, lenye injini ya petroli na pampu. Liliegeshwa barabarani, mipira mirefu ikapitishwa madirishani, na wafanyakazi waliovaa sare wakafyonza mazulia. Mwaka 1902 ndiyo iliyosafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba. Yaani ilikuwa huduma ya wakubwa. Mtumishi wa kawaida katika nyumba ya kawaida alibaki na ufagio wake.

MZEE WA CANTON

Sasa tuvuke bahari mpaka Canton, mji wa jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka ni 1907. Kuna mzee wa karibu miaka 60 anafagia katika duka kubwa la Zollinger. Anaitwa James Murray Spangler.

Usimfikirie kama mfagizi tu. Spangler, aliyezaliwa mwaka 1848, alikuwa amehangaika na ubunifu maisha yake yote. Alipata hataza ya mashine ya kuvunia nafaka mwaka 1887, na ya reki ya kukusanyia majani makavu mwaka 1893. Hakuna hata moja iliyomtoa kimaisha. Ndipo akaangukia kwenye ufagio, tena akiwa na ugonjwa wa pumu. Msomaji mwenye pumu nyumbani kwao hahitaji maelezo. Wengine tujaribu tu kufikiri: mazulia ya duka zima, kifagio cha kusukuma kinachotimua vumbi, na kifua kinachobana kila usiku.

Spangler hakuwa na maabara. Alikuwa na vitu vilivyomzunguka. Akachukua mota ya feni, sanduku la bati la sabuni, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Mota ikazungusha feni ya kuvuta hewa. Mkanda kutoka kwenye mota hiyo hiyo ukazungusha brashi mbele. Brashi ikatoa vumbi zuliani, feni ikalivuta na kulirusha ndani ya foronya. Foronya ikapitisha hewa, ikabakiza uchafu. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja angeweza kuisukuma akiwa amesimama wima, mkono mmoja.

Hebu tusimame hapa kidogo. Wasomi na matajiri walikuwa na gari jekundu la farasi. Aliyeunganisha brashi, mvuto na mfuko juu ya mpini mmoja wa kusimama alikuwa mfagizi, na alifanya hivyo kwa sababu alitaka kupumua. Hataza yake, namba 889,823, ilitolewa tarehe 2 Juni 1908.

Spangler akaanzisha kampuni na kuanza kutengeneza mashine chache chache. Lakini nani asiyejua? Akili bila mtaji ni mbegu juu ya jiwe. Mashine moja ikamfikia jamaa yake, Susan Hoover, wa mji jirani wa New Berlin. Susan akaijaribu kwenye zulia lake, akaipenda, akamwambia mumewe. Mumewe, William Henry Hoover, alikuwa na kiwanda cha bidhaa za ngozi: matandiko na hatamu za farasi. Alikuwa anaona magari yanaanza kupita barabarani, na mfanyabiashara mwenye macho hangoji farasi wa mwisho afe. Mwaka 1908 akainunua ile hataza.

Desemba mwaka ule ule tangazo likatoka katika gazeti la Saturday Evening Post: yeyote anayetaka ajaribu mashine nyumbani kwake siku kumi bure. Barua zikamiminika. Hoover hakuwatumia mashine moja kwa moja. Alichagua duka katika mji wa kila mwombaji, akalipelekea mashine, akamwachia mwenye duka kamisheni. Kwa ujanja huo akapata mtandao wa mawakala nchi nzima. Mwaka 1918 New Berlin ikabadilishwa jina kuwa North Canton, maana wakati wa vita jina la Kijerumani lilikuwa na nuksi. Mwaka 1922 kampuni ikawa Hoover tu, bila maneno mengine. Na huko Uingereza jina likafika mbali zaidi: likawa kitenzi. Hawasemi "fyonza vumbi", wanasema "huva chumba". Mama mdogo alilitoa huko huko neno lake.

Je, Hoover alimwibia Spangler? Hapa, ndugu mwandishi mwenzangu, tuwe waangalifu, kwa sababu kalamu yetu hupenda kuwa na mwizi na mwibiwa. Hapana, hakumwibia. Alimlipa, akambakiza kazini kwenye kampuni, akampa fungu la mapato ya kila mashine. Spangler alifariki Januari 1915, na inasimuliwa kwamba kesho yake alikuwa aanze safari ya likizo kwenda Florida, likizo ya kwanza maishani mwake. Malipo yaliendelea kwenda kwa familia yake hadi hataza ilipokwisha muda mwaka 1925.

Kwa hiyo fedha zililipwa. Kilichopotea ni jina. Mamilioni ya watu wametamka Hoover. Spangler wanamtamka wachache. Mfagizi alilipwa kama mfagizi mwema anavyolipwa: akapewa chake, akasahauliwa.

JUU YA MEZA YA FUNDI

Turudi Kariakoo. Nilipokuwa nasoma hayo, fundi alikuwa hajagusa kitu. Aliniambia kazi ya mashine nzee haianzi na umeme. "Usiichomeke kwenye plagi kwanza! Watu wengi wanaua mashine zilizolala kwa haraka ya kusikia sauti."

Tukaanza na mfuko, nje, upepo ukituvuma kwa nyuma, pua zimefungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu, nywele, na kipini kimoja cha kichwani. Vumbi la London hilo, ama la Dar, ama yote mawili. Mfuko tuliukung'uta, tukaugeuza ndani nje, tukaupiga brashi. Hatukuufua. Fundi alisema kitambaa cha mfuko wa zamani kina mfumo wake, ukikifua kinaweza kusinyaa au kulegea kikaanza kuvujisha vumbi laini. Mimi nikaikumbuka foronya ya Spangler. Mfuko huu ni mjukuu wake kabisa: hewa inapita, uchafu unabaki. Na udhaifu ni ule ule: vitundu vya kitambaa vikiziba, mvuto unakufa. Ni udhaifu huo uliompa kazi Mwingereza James Dyson, aliyetengeneza mifano 5,127 kabla ya kupata mashine isiyo na mfuko aliyoitaka. Mwaka 1993 akaingiza sokoni ile aliyoiita DC01.

Kisha tukaigeuza chali, tukafungua bamba la chini. Mkanda wa mpira ulikuwa umekatika, vipande vimekauka kama ngozi ya samaki. Mkanda huo ndio unaotoa mwendo kwenye ekseli ya mota na kuupeleka kwenye rola ya brashi. Ukilegea, mota inalia lakini brashi haizunguki, na watu wanasema mashine imekufa kumbe ni mpira wa bei ndogo. Ukikaza kupita kiasi unakula beringi. Mpya ni lazima uwe na upana na urefu ule ule.

Rola tukaichomoa. Ilikuwa imevikwa nywele na nyuzi mpaka haionekani. Tukazikata kwa wembe, taratibu, bila kugusa brashi. Zilipotoka tukaona kitu: katikati ya safu za brashi kuna vyuma viwili vilivyotokeza. Hivyo vina tarehe yake. Mwaka 1926 Hoover walitoa modeli ya 700, yenye vyuma vya kulipiga zulia kutoka chini. Mvuto unaliinua zulia kidogo, chuma kinalichapa, mchanga uliozama unaruka, brashi inakokota, hewa inabeba. Kumbe ile fimbo ya kuchapa zulia kwenye kamba haikutupwa. Iliingizwa ndani ya mashine! Brashi zenyewe zilikuwa zimekwisha. Fundi akaweka kadi ya simu bapa juu ya midomo ya bamba na kuizungusha rola: manyoya hayakuigusa. "Brashi isiyofika kwenye kadi haifiki kwenye zulia," akasema.

Juu zaidi tukaikuta feni. Katika mashine hizi za wima za zamani, uchafu wote unapita katikati ya mapanga ya feni kabla ya kufika mfukoni. Njia ni fupi, ndiyo maana zinavuta zulia vizuri kwa mota ndogo. Lakini ukifyonza sarafu au msumari, unakwenda kupiga panga. Panga moja likivunjika, feni inayumba, inatikisa mota nzima, beringi zinakufa. Panga zetu zilikuwa nzima, zina makovu tu.

Ndipo mota. Kosa lilikuwa hapo. Vipande viwili vya kaboni, ambavyo kazi yake ni kupitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, vilikuwa vimelika mpaka springi inagusa shaba. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kuungua. Tukapata vipya vya mashine nyingine vyenye unene unaokaribiana, fundi akavisugua kwa msasa laini mpaka vikateleza sawasawa katika vishikizo vyake. Shaba ya mota akaisafisha kwa msasa laini pia, akafuta unga, akakwangua kaboni iliyoziba mianya. Beringi zilizokuwa kavu akazisafisha na kuzitia mafuta, matone machache. "Mafuta mengi ni adui," alisema. "Yanaruka kwenye kaboni, halafu mnasema fundi mbaya."

Mwisho, waya. Mpira wake ulikuwa umepasuka, ukiupinda unamomonyoka. Tulipofungua plagi tukakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Fundi akatabasamu. "Mzee kweli huyu. Rangi hizi za Waingereza za zamani." Ni kweli. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 ndizo zilizotumika katika nyaya za vifaa vyao, ndipo zikabadilishwa kuwa kahawia, bluu na kijani yenye njano. Mashine haikuwa na mwaka popote, lakini waya ulitoa ushahidi. Tukaweka waya mpya wa nyuzi tatu. Kijani na njano ikafungwa kwenye chuma cha mwili, maana mwili wa chuma usio na njia ya ardhini ni mtego: siku umeme ukivuja, anayeshika mpini ndiye anayeulipa.

Na umeme nao una historia yake. Mashine hii ilikuja kutoka Uingereza, wenye nguvu ya volti 240 wakati huo, na plagi zetu ni za jamii ya kwao. Ingetoka Canton yenyewe, ingetaka volti 120, na ungeichomeka hapa bila transfoma, moshi ungekuaga.

Kabla ya kuiwasha, fundi akaunganisha balbu ya wati 100 katika mstari mmoja na mota. Kama kuna shoti ndani, balbu inawaka kabisa na mota inanusurika. Balbu ikawaka hafifu tu. Mota ikajigeuza taratibu, kama mtu anayeamshwa usingizini. Tukaondoa balbu. Ikavuta pumzi.

Sitaki kudanganya, nilishtuka. Mfuko ule uliokuwa umelala kama gunia tupu ukajaa na kusimama.

KUITUNZA

Matunzo yake si mambo makubwa, na yeyote mwenye mashine ya wima ya zamani anaweza kuyafanya. Toa uchafu mfuko ukiwa bado na nafasi, usingoje ujae. Kila mwezi igeuze, toa plagi kwanza, kata nywele kwenye rola. Mkanda ubadilishe ukilegea, usingoje ukatike. Okota sarafu na misumari kwa mkono. Usifyonze maji. Chomoa plagi kwa kushika plagi, sio kwa kuvuta waya. Ukisikia sauti imepanda ghafla, zima, kuna kitu kimeziba au mkanda umekwenda. Ukisikia harufu, zima haraka, kaguza kaboni. Alumini ilichoka rangi, tukaisugua kwa dawa ya kung'arishia chuma na kitambaa laini, lakini hilo ni pambo. Mashine inaishi kwa mkanda, kaboni, mafuta kidogo na mfuko unaopumua.

NANI ALIPUMZIKA?

Wauzaji waliopita nyumba kwa nyumba wakimwaga uchafu zuliani na kuufyonza mbele ya mama mwenye nyumba waliahidi kitu kimoja: mapumziko. Mwanahistoria wa Kimarekani Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alionyesha kwamba hesabu haikwenda hivyo. Vifaa vilipoingia, watumishi na mafundi wa nje wakatoka, wanaume na watoto waliokuwa wakisaidia kubeba mazulia wakaachiliwa, na kiwango cha usafi kinachotarajiwa kikapanda. Zulia lililochapwa mara moja au mbili kwa mwaka sasa likatakiwa lisafishwe kila wiki. Kazi ilipungua uzito, haikupungua saa. Na mwenye kuifanya akabaki yule yule mmoja.

Viwanda navyo vimepita. Kile cha Perivale, magharibi mwa London, jengo jeupe la fahari lililofunguliwa mwaka 1933, kiliacha kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sehemu yake ikawa supamaketi mwaka 1992, na jengo la mbele baadaye likageuzwa nyumba za kupanga na kuuza. Kiwanda cha North Canton kilifungwa mwaka 2007, jina Hoover likiwa limekwisha kuuzwa na kuuzwa tena. Mwaka 1978 nyumba ya shamba alikokulia Hoover ilifunguliwa kuwa makumbusho ya mashine hizi. Makumbusho nayo yalipewa jina lake.

Niliporudisha mashine, mama mdogo hakusema kitu. Alishika mpini, akabonyeza swichi kwa mguu bila kutazama chini, mguu ulikumbuka wenyewe. Akapiga mistari minne zuliani, mbele na nyuma, mstari kando ya mstari, sawasawa kama mtu anayepiga pasi. Kisha akazima.

Nikamsimulia habari za Spangler: mfagizi, pumu, foronya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa mwenzetu," akasema.

"Mwenzenu."

"Mbona hawakuandika jina lake?"

Sikuwa na jibu, ila hili ninaloliandika. Akaongeza, kama anayeongea na mashine: "Mle ofisini tulikuwa kumi na wawili. Saa kumi na moja alfajiri. Wenye ofisi wakifika, sisi tumeshaondoka. Walidhani meza zinajisafisha."

Ndugu msomaji, sisi vijana tunaotaka kuandika tunakimbilia habari za wenye majina. Sio kosa, majina yanapatikana kirahisi, yameandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Lakini kila kitu kilichotuzunguka kina skrubu. Ukigeuza chali, ukafungua bamba, ukatoa nywele na vumbi la miaka, unakuta alama za mtu aliyekitengeneza kwa sababu kifua kilimbana. Kazi hiyo ya kufungua inachafua mikono na haina haraka.

Mimi nimeanza. Jana nilinunua rangi nyeupe na brashi nyembamba. Nilimwomba mama mdogo ruhusa, akanipa. Nyuma ya mashine, chini ya pale ilipoandikwa kwa chuma Hoover, nikaandika kwa mkono: SPANGLER. Halafu nikamuuliza kama niongeze na lake.

"Ongeza," akasema. "Ila uandike vizuri."